Kifungu cha Saba

Ofisi ya Wakili Amalemba iko juu ya duka la dawa,
ngazi ya chuma, mlango wa kijani usiofungika vizuri.
Chini wanauza panadol na kondomu.
Juu wanauza mihuri.

Okinda alitangulia. Mimi nilikaa kwanza kwenye ngazi,
nikapangusa vumbi la Kondele viatuni,
nikajiambia: Khavere, una miaka thelathini na mbili,
kodi unalipa, karo ya mdogo wako unalipa,
panda.

"Mkataba wa nini?"
Wa kazi.
"Kazi gani?"
Okinda akaitazama kalenda ya kiwanda cha sukari.
Nikasema: Tunajirekodi, wakili. Mimi na huyu.
Ni mambo ya watu wazima, kwa watu wazima wanaolipa.
Tunataka yakae pale tulipoyaweka.

Hakucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.
Feni ikazunguka na kelele zake.
"Soma," akasema. "Risper atapiga chapa."

Nikafungua daftari la miraba, la Kibuye, shilingi arobaini.
Cha kwanza: uso wangu hauonekani mpaka niseme, kwa maandishi.
Cha pili: faili ni mbili, moja kwake, moja kwangu,
ya tatu haina mama.
Cha tatu: simu haitoki chumbani
kabla wote wawili hatujaiona ikiwa tupu.
Cha nne: kila nakala na alama yake, yake nukta, yangu msalaba,
ili ikikutwa mtaani ijulikane imetokea mlango upi.

Cha tano nikakwama.
Cha tano kina jina la mtu.

Na Shitanda tulikuwa na neno tu. Neno na soda mbili.
Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata;
hawakusema kata ikinuna
itakwenda kuisimulia wapi.
Ilisimulia kwa binamu yangu wa Mbale,
kwenye kundi la kwaya, kwenye chama cha akina mama wa Chavakali,
dakika moja na sekunde kumi na tisa,
na kicheko changu mwishoni, ambacho kilikuwa cha kweli.
Mama hakunipigia.
Alituma mkungu mzima wa ndizi kwa basi la asubuhi, bila ujumbe.
Ziliiva jikoni, zikawa nyeusi. Hadi leo sijui
kama ulikuwa msamaha au kwaheri.

"Fidia?" wakili akauliza, polepole.
Weka hesabu inayouma.
"Ituume sawasawa," akasema Okinda,
neno lake la kwanza tangu tuingie.
La pili likawa kifungu cha saba, hakikuwa daftarini:
siku mmoja wetu akichoka, akiokoka, akioa,
au akiamka tu hataki,
tunafuta vyote, wawili, mchana kweupe.
"Kwa sababu zipi?"
"Andika hivi: sababu haihitajiki."

Risper akaandika. Stima ikapotea.

Tukakaa gizani, sisi wanne na harufu ya wino.
Chini mtu alikuwa akiulizia dawa ya kikohozi.
Risper akasogeza kiti, akaniinamia sikioni:
"Dada, hicho cha saba,
kinaweza kuandikiwa mtu na mume wake?"

Stima ikarudi. Uso wake ulikuwa tayari kwenye kompyuta.

Tulitia sahihi. Muhuri ulikuwa mkavu,
wakili akaupulizia mara mbili kama anayepoza uji.
Karatasi haizibi tundu, najua.
Mwenye kutaka kutoboa atatoboa.
Lakini safari hii tundu lina jina, lina nambari ya kitambulisho,
na mimi nina mahali pa kusimama nikipiga kelele.

Okinda alishuka kutafuta mandazi.
Nilibaki nikihesabu kurasa, nne, nne, nne,
kisha nikachana ule ukurasa wa miraba,
nikaongeza cha saba kwa mkono wangu,
nikauacha chini ya chupa ya gundi
mezani kwa Risper.